Majivu Niliyoyafagia

Jumamosi, tarehe 3 Machi 1951, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ulikuwa umetanda juu ya mibuni ya Ruiru hata taa za baiskeli zetu hazikutuonyesha zaidi ya hatua nne mbele. Baridi ilikuwa kali, na upepo haukuwapo. Mwalimu mwenzangu Ephantus Kagwe alitangulia, kwa kuwa njia ilikuwa ya kwao. Mimi nilifuata, mkoba begani. Ndani yake mlikuwa na daftari jipya, kamera niliyoiazima, kisu, kamba, bandeji na kiberiti. Nilisoma shule ya bweni miaka minane, miwili ya mwisho nikiwa kiranja wa bweni, na huko tulifundishwa kwamba mtu avukaye lango bila vitu hivyo hasafiri, anatangatanga.

Kwetu ni Maragoli. Nilikuwa nimefundisha hesabu Ruiru mwaka wa pili sasa, nami migongo ya Gatanga, ile safu ya vilima virefu vyembamba, niliijua kwa mbali tu, mistari ya buluu upande wa machweo siku za anga safi. Niliona haya kwamba yale machache niliyoyafahamu juu ya desturi za jirani zangu niliyasoma katika vitabu vya wageni waliopita kwa wiki mbili. Basi Ephantus aliponiambia kwamba mama yake angejengewa nyumba kwa siku moja, na watu wa mgongo mzima, nilimwomba anichukue. Nilitaka kuona nchi, kusikia nyimbo za kazi, na kuandika kwa usahihi.

Tulipoukaribia mji wa Thika, ukungu ukianza kupasuka juu ya mashamba ya katani, alinisubiri tukaenda sambamba.

"Nikanori, usije ukadhani tunakwenda sherehe," alisema. "Mama hana nyumba. Mvua za Novemba zilipasua ardhi nyuma ya ukuta wake. Ufa ule sasa mguu mzima unaingia. Leo kabla ya mapambazuko wameing'oa nyumba ya zamani, nguzo zilizo nzima zinatumika tena. Jua likizama kabla ya moto kuwaka katika nyumba mpya, hana pa kulala, na mvua za masika ndizo hizi zinanukia."

"Mkichelewa si mtamalizia kesho?"

"Kwa Maitu, mama yangu? Nyumba iliyolala bila moto imekwisha kupata mwenyewe mwingine, asiye mtu. Hataingia hata umburute."

"Na wewe Mkristo unayakubali hayo?"

"Mimi ni Mkristo," alijibu, akakanyaga pedali. "Nyumba si yangu."

Tulivuka daraja la Chania, maji yakinguruma meupe chini yetu, tukaanza kupanda. Baada ya saa moja ilitubidi kushuka na kusukuma. Hapo ndipo nchi ile iliponishtua mara ya kwanza. Nilizoea vilima vya kwetu, vyenye mawe ya duara na nafasi ya kuvuta pumzi. Hapa mgongo ulikuwa mwembamba kama upande wa kitabu kilichosimamishwa, na pande zote mbili ardhi ilitoweka. Nilimwona mwanamke akilima chini ya njia: niliona utosi wake, na chini ya nyayo zake niliona vilele vya migomba ya shamba lingine. Mtoni, chini kabisa, moshi ulipanda ukatufikia ukiwa baridi. Ng'ambo, umbali wa kuitana, palikuwa na mgongo mwingine ulio sawa na huu, na kuufikia ungehitaji nusu siku. Nilisimama, nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikamwacha Ephantus atangulie.

Tulifika saa nne. Nguzo zilikuwa zimesimama tayari katika duara, na wanaume walikuwa juu wakifunga fito za paa. Mkuu wao alikuwa mzee Simeon, fundi mwenye kipara, aliyekuwa mpagazi wakati wa vita vya Wajerumani na akarudi na Kiswahili chake. Mama mwenye nyumba, Warigia, alikuwa mwanamke mdogo mkavu aliyepita kila mahali bila kukimbia. Alinitazama viatu, kisha uso, akanipa mkono, akaenda zake. Wangeci, mke wa Ephantus, ambaye aliuza mboga Thika na kusema Kiswahili upesi kuliko mumewe, alinipa uji na kigoda.

"Kaa hapa, mwalimu. Sikia matusi yako ya kuandika."

Ilikuwa kweli. Wanawake walipanda kutoka bondeni wamebeba mizigo ya nyasi migongoni, kamba ya ngozi ikipita juu ya paji la uso, na wanaume juu ya paa waliwapokea kwa wimbo wa kuwakejeli. Wangeci alinitafsiria huku akicheka.

"Wanasema: mmekwenda kukata nyasi au kuzipanda? Paa liko wazi kama kichwa cha Simeon!"

Kiongozi wa wanawake alitua mzigo, akashika kiuno, akajibu kwa wimbo.

"Anasema nguzo zao zimesimama kama miguu ya fisi. Anasema wamepanda juu wapate kuona mapema chakula kitatokea wapi."

Kisha zikaja beti ambazo Wangeci hakunitafsiria ila kwa kujifunika kanga mdomoni, na wazee wa miaka sitini wakazipokea kwa shangwe mbele ya wakwe zao. Nilishtuka, sikatai. Kwetu bwenini neno moja la namna hiyo lilikuwa viboko sita. Hata hivyo niliona kwamba kila kejeli iliongeza mwendo wa kazi, nami nikaandika niliyoweza kuyaandika.

Mahali palipokuwa na nyumba ya zamani palikuwa chini kidogo, hatua mia moja na hamsini kutoka tulipoketi. Ephantus alinieleza kwamba moto wa Warigia ulikuwa umebaki huko kati ya mafiga yake, ukilindwa na rafiki yake wa rika, bibi Ngendo, mpaka saa ya kuhamishwa. Alipoolewa Warigia aliupokea kwa mama mkwe wake, naye mama mkwe kwa wake. Niliandika hilo pia, chini ya kichwa: Moto.

Saa tisa alasiri nuru ilikuwa nzuri, nikashuka na kamera nipige picha ya ufa. Nilikuta duara la udongo mtupu uliokanyagwa miaka mingi, mafiga matatu katikati, na kigoda bila mtu. Ufa wenyewe ulipita nyuma, mweusi, mrefu kuliko nilivyodhani. Nilitupa jiwe na sikusikia likifika. Niliporudi nyuma nikatazama mekoni. Palikuwa na rundo la majivu ya kijivu, baridi juu, bila moshi hata uzi mmoja. Mlinzi hayupo, moto umezimika, na jua limeanza kuegemea.

Nilifanya kile ambacho miaka minane ilinifundisha kufanya. Sikuita mtu, sikulalamika. Nilikata tawi la majani, nikafagia meko hadi udongo ukaonekana safi, nikakokota majivu yote na mabonge yake hadi kwenye ufa, nikayatumbukiza. Nilirudisha mafiga sawasawa, nikapanga vijiti vidogo chini na vikubwa juu, nikauwasha kwa njiti moja. Njiti moja tu. Sikuhitaji ya pili. Moto ulikuwa umesimama vizuri bibi Ngendo alipopanda kutoka kijitoni na kibuyu cha maji. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Alisikia mlio wa kuni, akainama akauhisi ukali wa joto kwa kiganja, akasema maneno ambayo sikuyafahamu, akanipigapiga mkono kwa furaha. Nikafahamu kwamba ananishukuru, nikaona ni haki.

Saa kumi na moja Warigia mwenyewe alishuka, akachota makaa kwa kigae cha chungu, akapanda nayo bila kugeuka nyuma. Njia yote watu walimpisha. Aliingia peke yake. Tulisimama tukitazama paa jipya, hadi moshi ulipoanza kupenya nyasi juu kabisa, mwembamba, kisha mzito. Wanawake walipiga vigelegele vilivyojibiwa kutoka mgongo wa ng'ambo. Ephantus alifuta macho akisema ni moshi.

Chakula kilipoletwa, mzee Simeon alisema mgeni hawezi kula akiwa bubu. Nilisimama. Nilisifu nchi yao, nikasifu umoja wao, na Ephantus akatafsiri sentensi kwa sentensi, watu wakiitikia. Kisha nikaona haitakuwa uaminifu kusifu tu.

"Jambo moja nilisahihishe kwa heshima," nilisema. "Kazi kubwa kama hii ilikaribia kuharibika kwa uzembe mdogo. Alasiri niliukuta moto wa mama umezimika na mlinzi hayupo. Nilifagia meko, nikayatupa majivu, nikauwasha upya kwa kiberiti changu. Nisingalipita, mngalileta nini humu?"

Nilingoja tafsiri, nayo haikuja. Ephantus alikuwa ananitazama kama mtu aliyepigwa kifuani.

"Sema uliuchochea," alisema polepole, kwa sauti ya chini. "Nikanori. Sema uliuchochea tu."

"Niliufagia. Huwezi kunitaka niseme uongo mbele ya mama yako."

"Basi kaa chini. Nitasema umeshukuru."

"Hapana," Wangeci akasema. Upawa ulikuwa umemwanguka mkononi. "Alale humo, sisi tunajua na yeye hajui? Mimi siwezi."

Akamgeukia mama mkwe wake, akamweleza kwa Kikuyu, maneno machache. Simeon, ambaye alikuwa amenielewa tangu mwanzo, alivua kofia.

Warigia aliweka chini chombo chake akaja hadi mbele yangu, na Wangeci akasimama kati yetu kututafsiria.

"Anauliza majivu uliyapeleka wapi."

"Niliyatupa katika ufa."

Bibi Ngendo alitoa sauti ndogo, kama mtu anayenyanyua kitu kizito.

"Anauliza chini ya majivu kulikuwa na nini."

"Sikutazama. Yalikuwa baridi."

"Juu yalikuwa baridi," Wangeci alisema, sasa kwa niaba yake mwenyewe. "Mwalimu, moto haulindwi ukiwaka. Unafukiwa. Chini kulikuwa na gogo la mzeituni, lilikuwa jekundu tangu jana. Bibi alikwenda kuchota maji kwa sababu hakuna kitu kinachoweza kuudhuru moto uliofukiwa. Hakuna mtu anayefagia meko ya mwingine."

Warigia aliuliza tena, akiniangalia mimi na si mkwewe.

"Anasema: moto wa nyumba ya mama yako ulitoka wapi?"

Nilijua majina ya mito ya bara Ulaya kwa mpangilio wa urefu. Nilijua meko ya mama yangu yalikuwa upande wa kushoto wa mlango, na kwamba nilipofika likizo alikuwa ameinama mbele yake akipuliza. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu.

"Nilitoka nyumbani nikiwa na miaka tisa," nilisema.

"Hakukuuliza ulitoka lini."

Warigia hakungoja zaidi. Alichukua kibuyu cha maji, akaingia katika nyumba yake mpya, nasi tukausikia moto ukizomea, ukanyamaza. Alipotoka alisema neno moja, na neno hilo nililielewa kabla ya kutafsiriwa, kwa sababu Simeon alikuwa tayari ameelekea kwenye ngazi.

"Wanafanya nini?" nilimuuliza Ephantus.

"Wanaezua. Moto wa kwanza ndio huifungua nyumba, na huu si wa Mama."

"Nyumba nzima? Ephantus, wazuie! Ni njiti ya kiberiti! Moto ni moto!"

Simeon aligeuka, mguu mmoja ukiwa kwenye kipago cha kwanza.

"Na mtoto ni mtoto, mwalimu," alisema bila hasira. "Lakini ukienda shuleni kumchukua wako, unaondoka na yeyote?"

Wakapanda. Nyasi zilizopanda kwa nyimbo zilishuka bila wimbo. Wale waliozifunga walizifungua, fundo kwa fundo, bila kukata hata kamba moja, na wanawake walizipokea chini wakazifunga tena mizigo. Mmoja wao nilikuwa nimemhesabia mizigo kumi na mmoja tangu asubuhi. Aliipanga yote kumi na mmoja kando, akajinyoosha mgongo, akaenda kumsaidia mwenzake. Nilingoja mtu anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi. Walikuwa na ufundi wake, niliwasikia mchana kutwa. Hakuna aliyenitupia neno. Walipita karibu nami wakisema "samahani" ili nisogee. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Jua lilipogusa mgongo wa magharibi, nyumba ilikuwa mbavu tupu.

Bibi Ngendo ndiye aliyesema mwishowe, akiwa amemshika Warigia mkono, na Wangeci akanitafsiria huku analia.

"Anamwambia: moto wako haujafa. Mwaka wa mafua makubwa, baada ya vita vya Wajerumani, nyumbani kwangu tulilala wote wagonjwa hata meko yakapoa. Ukanijia na kigae. Moto ninaopikia mpaka leo ni wako. Njoo ulale kwangu, na siku ukiwa na nyumba nitakurudishia."

Warigia alitikisa kichwa kukubali, akaanza kukusanya vyungu vyake.

Mimi nilitoa shilingi arobaini, karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi, nikamfuata nikazishika mbele yake kwa mikono miwili. Alizitazama.

"Anauliza kama hizi zinaweza kubeba nyasi," alisema Wangeci.

"Mwambie ni fidia."

"Anajua ni nini. Anasema umekula siku ya watu wengi. Wao wamekusamehe kwa sababu wewe ni mgeni. Yeye hakusamehe. Anakudai siku moja, ya mikono yako. Pesa weka."

Usiku ule nililala kwa Ephantus, na asubuhi nikarudi Ruiru. Jumanne mvua zilifika. Hata Ruiru mabati yalinguruma, na darasani nilisimama na chaki mkononi nikisahau hesabu niliyokuwa naifanya, kwa kuwa nilikuwa nikiwaza ile mizigo ya nyasi iliyopangwa wazi pale juu. Ephantus aliambiwa na mpita njia kwamba imelowa na kuanza kuoza, na kwamba Jumamosi ingebidi kukata mpya na kujenga tena.

Jumamosi tarehe 10 niliondoka peke yangu, Ephantus akiwa ametangulia jana yake, usiku ukiwa bado haujaisha, bila kamera na bila daftari. Nilivaa kaptura ya michezo. Niliposukuma baiskeli hadi juu, njia yote ikiwa utelezi, nilikuta wanaume wakinyoosha nguzo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Simeon nikamwomba kazi.

"Unajua kufunga fito?"

"Hapana."

"Kuchonga?"

"Hapana."

"Basi kazi yako iko kule." Akaonyesha bondeni kwa shoka.

Wanawake hawakunicheka nilipoteremka. Walingoja nijaribu kwanza. Nilikata nyasi mbichi zilizonichana vidole, nikaufunga mzigo kwa kamba, nikautia begani kama mwanamume. Nilipanda hatua ishirini kwenye tope, nikateleza, nikarudi chini na mzigo ukiwa juu yangu. Hapo wakacheka hata mgongo wa ng'ambo ukauliza kuna nini. Wangeci alinivalisha kamba ya ngozi juu ya paji la uso, mahali ambapo hakuna mwanamume wa nchi ile aliyeivaa.

"Inama mbele, mwalimu. Tazama miguu yako, usitazame heshima yako."

Nilipanda. Kutoka paani Simeon aliniona mbali.

"Jamani, tazameni shule zilipofika!" aliita kwa Kiswahili, ili nisikose. "Walimu sasa wanaota nyasi!"

Nilitua mzigo wangu mbele ya nyumba, nikaona damu kwenye vidole, nikatazama juu.

"Mzee Simeon," nilimjibu, "nguzo yako ya tatu imeinama. Kwangu ungepata sifuri, na ungebaki baada ya masomo."

Wangeci aliyatafsiri kwa sauti kubwa, na wanawake wakayapokea wakayageuza wimbo, nguzo ya tatu, nguzo ya tatu, hata Simeon akateremka kuipima, na kweli ilikuwa imeinama. Baada ya hapo niliteremka na kupanda mara tisa. Mara ya saba nililia njiani, kwa uchovu tu, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akatazama upande wa mto mpaka nilipomaliza.

Saa kumi na moja kasorobo, anga likiwa jeusi upande wa mlima, bibi Ngendo alikuja polepole na kigae, akishikwa kiwiko na Wangeci. Warigia alikipokea mlangoni kwa mikono miwili. Aliingia. Nyasi zilikuwa mbichi, na moshi ulichelewa sana kupenya. Kisha ukatoka. Vigelegele vilipigwa, na tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya paa, likateleza, likadondokea nje ya ukuta.

Nilikuwa naikung'uta tope baiskeli yangu Warigia alipotoka akanifuata. Alivishika viganja vyangu, akavigeuza juu, akavikagua kimoja baada ya kingine kama anayekagua maharagwe. Hakumwita Wangeci. Alitumia Kiswahili chake mwenyewe, kile cha sokoni, ambacho sikujua kama anacho.

"Mimi nilidai siku moja," alisema. "Leo umelipa. Deni imekwisha. Sasa nenda, mvua inakuja."